Morgon Côte du Py mezani: kuku, pilau na namna ya kuionja

Swali limetoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Tanga anayeishi Lyon, Ufaransa. Kwa kifupi anauliza hivi: "Baba mkwe amenizawadia chupa ya divai nyekundu, Morgon Côte du Py ya 2020. Kasema inatoka kwenye shamba moja tu, na niifungue Jumapili watakapokuja kula kwetu. Lebo inaonyesha asilimia 14. Muuzaji wa duka la jirani anasema divai nyekundu ni ya nyama ya ng'ombe na hunywewa kwa joto la chumba. Mimi nilitaka kupika kuku, au hata pilau. Kaka yangu naye atakuwepo, hanywi pombe wala hali nguruwe. Nipike nini? Na hiyo divai naionjaje ili nielewe kwa nini mzee anaithamini hivyo?"

Dada yangu, pika kuku wako bila wasiwasi, na chupa iingize kwenye friji kabla ya kuifungua. Huyo muuzaji amekupa kanuni inayofaa divai nyingine, zile za Bordeaux au za kusini mwa Ufaransa zenye tanini nyingi, yaani ule ukakasi unaokausha kinywa. Uliyopewa wewe ni ya ukoo mwingine kabisa. Ukiinywa ikiwa na joto pamoja na kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe, itaonekana nyembamba, kali ya pombe na haina la kusema, na mzee ataondoka akidhani chupa yake haikukupendeza.

Tuanze na mahali, maana mahali ndipo penye zawadi yenyewe. Morgon ni mojawapo ya maeneo kumi ya kaskazini mwa Beaujolais, eneo la divai lililo kaskazini mwa Lyon, yenye haki ya kuandika jina lake peke yake kwenye lebo, haki ambayo iliipata kisheria mwaka 1936. Kijiji chake ni Villié-Morgon, kama saa moja kwa gari kutoka hapo mnapokaa. Siku ya mapumziko nendeni mkapaone. Ndani ya Morgon kuna sehemu sita zenye majina ya kale, kila moja na udongo wake, na Côte du Py ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Ni kilima cha mviringo kinachofika takriban mita 350 juu ya usawa wa bahari, kimefunikwa mizabibu hadi karibu na kilele. Wenyeji husema kimesimama juu ya mawe ya buluu: mwamba wa kale sana wenye asili ya volkano, uliochakaa hadi unameguka kwa vidole, wenye chuma na manganizi ndani yake. Mwaka 2018 UNESCO iliitambua Beaujolais nzima kuwa jiopaki, yaani eneo lenye jiolojia ya kipekee, kwa sababu ya wingi wa aina za miamba zilizobanana katika eneo dogo namna ile.

Hapa niondoe dhana moja. Shamba moja halimaanishi mwenye shamba mmoja. Kilima hicho kimegawanywa kwa wakulima wengi, kila mmoja na mistari yake ya mizabibu, na kila mmoja ana mkono wake. Jean Foillard, Jean-Marc Burgaud na ukoo wa Desvignes wote wanatoa divai ya Côte du Py, na chupa zao hazifanani. Kwa hiyo soma na jina la mkulima lililo chini ya lebo, uliandike mahali. Ukiipenda divai, jina hilo litakufaa dukani kuliko jina la kilima.

Zabibu inayolimwa hapo ni gamay, yenye ganda jeusi na maji meupe. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, aliamuru ing'olewe katika himaya yake kwa kuwa inazaa sana na, kwa maoni yake, inatoa divai mbaya. Kwenye udongo wenye rutuba alikuwa na haki ya kulalamika. Kwenye mteremko maskini kama Côte du Py mambo hubadilika: maji hayakai, mzabibu hautanuki, punje zinabaki ndogo, na punje ndogo ina ganda jingi ukilinganisha na maji yake. Rangi, tanini na sehemu kubwa ya harufu hukaa kwenye ganda. Ndiyo maana divai ya kilima hiki ina mwili na uti wa mgongo kuzidi gamay nyingi za jirani zake. Mezani utasikia mtu akisema anaonja jiwe ndani ya glasi. Usimkatize, lakini wewe ujue kwamba mizizi hainyonyi ladha ya mwamba ikaipeleka kwenye chupa. Mwamba hufanya kazi yake kwa kumpa mzabibu maji kidogo na chakula kidogo.

Jambo la pili linaloifanya divai hii iwe ilivyo ni jinsi inavyotengenezwa. Zabibu huchumwa kwa mkono, na mara nyingi vichala huingia kwenye pipa vikiwa vizima na vikonyo vyake. Za chini hupasuka kwa uzito wa zile za juu, maji yake huanza kuchachuka, na hewa ya kaboni dioksidi inajaza pipa. Zile zilizobaki nzima huanza kuchachuka ndani kwa ndani, kila punje peke yake, kabla haijapasuka. Njia hii hutoa harufu nyingi ya matunda na tanini chache. Kwa Beaujolais Nouveau, ile inayouzwa kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, kazi hiyo huchukua siku chache tu. Kwa Morgon huenda hadi wiki mbili au zaidi, na sheria hairuhusu iuzwe kama Nouveau. Nasema haya kwa sababu watu wengi, wakiwemo Wafaransa, huionja Nouveau moja mbaya ofisini halafu wakaidharau Beaujolais yote. Baba mkwe wako si mmoja wao, na kwa hilo nampongeza.

Sasa mwaka. Mwaka 2020 ulikuwa wa jua na ukame Beaujolais, na mavuno yalianza mapema, tangu Agosti. Zabibu ziliiva mno, sukari ikapanda, na sukari ndiyo inayogeuka pombe. Hizo asilimia 14 za kwenye lebo zimetoka huko. Katika mwaka wa baridi kama 2021 divai ya kilima kilekile huwa nyepesi na chachu zaidi. Kwa hiyo yako itakuwa ya rangi nzito, ya matunda meusi zaidi ya mekundu, na itahitaji baridi kidogo ili pombe isikutangulie puani.

Baridi kiasi gani? Nyuzi 14 au 15. Chupa iliyokaa sebuleni iweke kwenye friji dakika 40 hadi 50 kabla ya kuifungua. Ukiigusa shingo iwe na ubaridi, isiwe na umande unaotiririka. Ndani ya glasi itapanda nyuzi mbili tatu yenyewe wakati mnakula. Hilo neno "joto la chumba" ni la zamani, la nyumba za mawe zisizo na vipasha joto. Sebule ya Lyon ya leo ina nyuzi 21 au 22, na hapo gamay yoyote hulegea.

Kuanzia Ijumaa isimamishe chupa wima ili mashapo, kama yapo, yatue chini. Jumapili ifungue nusu saa kabla wageni hawajakaa. Mimina kidogo sana kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana, uinuse kabla hujaitikisa. Ikinuka karatasi za boksi zilizolowa au chumba chenye ukungu, na tunda halisikiki kabisa, kizibo kimeiharibu na hakuna dawa. Ndiyo sababu nataka uifungue mapema, uwe na muda wa kumwambia mumeo akalete nyingine. Ikinuka kibiriti au yai kidogo, usiogope: wakulima wengi wa Morgon hutumia salfa kidogo sana au hawaitumii kabisa, na divai iliyokaa miaka bila hewa huamka hivyo. Vivyo hivyo ukihisi vipovu vidogo vinachoma ulimi. Imimine yote kwenye jagi safi la kioo, izungushe kwa dakika moja, iache dakika 20. Mara nyingi kasoro hizo huondoka zenyewe.

Ikiwa salama, sasa onja kwa makini, na ufanye hivyo ukiwa peke yako jikoni kabla kelele hazijaanza. Shika glasi kwa mguu wake. Iinamishe juu ya kitambaa cheupe: katikati iwe na rangi ya zambarau nyeusi, pembeni ianze kuelekea wekundu wa tofali kwa kuwa tayari ina umri. Izungushe mara tatu, uingize pua ndani hasa, uvute pumzi fupi fupi. Kwanza utapata cheri iliyoiva, kisha beri nyeusi. Nyuma yake huja maua ya urujuani au pilipili manga, na baada ya miaka kadhaa hujitokeza pia majani makavu na udongo uliolowa mvua. Usilazimishe orodha hii. Ukisikia zambarau za kwenu Tanga, sema zambarau. Pua hufanya kazi kwa kumbukumbu, na baba mkwe atafurahi zaidi kusikia tunda ulilokulia kuliko neno ulilosoma.

Kinywani, chukua kiasi cha kijiko, kizungushe kote, kisha umeze na ujiulize mambo manne. La kwanza, mate yametoka? Yakitoka kwa wingi, uchachu upo, na katika chakula uchachu ndio utakaokuwa kisu chako dhidi ya mafuta. La pili, kuna ukakasi kwenye fizi na ndani ya mashavu? Hiyo ndiyo tanini, kitu kilekile kinachokausha kinywa ukinywa chai ya rangi iliyokaa mno na majani yake. Kwenye Côte du Py utauhisi ukakasi, lakini mwembamba na wa mwishoni, kama vumbi laini. La tatu, koo limepata moto? Ikiwa ndiyo, rudisha chupa kwenye ubaridi dakika kumi. La nne, ladha imebaki muda gani baada ya kumeza? Hesabu polepole. Divai ya kawaida hupotea ukifika tano. Hii inapaswa ikufikishe kumi na kupita, na inayobaki mwishoni ni ladha ya kokwa ya cheri yenye uchungu kidogo. Kwangu mimi uchungu ule mdogo ndio saini ya kilima.

Lakini nikuambie ukweli, dada: chupa moja peke yake haiwezi kukuonyesha shamba. Inakuonyesha divai nzuri tu. Ili uelewe mzee anachokithamini, tafuta chupa ya pili ya mkulima yuleyule, ya mwaka uleule, kutoka sehemu nyingine ya Morgon. Foillard, kwa mfano, hutoa pia Corcelette, inayolimwa kwenye mchanga wa matale (graniti). Mikono ni ileile, zabibu ni ileile, mwaka ni uleule. Kilichobadilika ni ardhi. Mwambie mumeo amimine glasi mbili bila kukuonyesha chupa. Corcelette kwa kawaida huja na maua na matunda mekundu, nyororo, inateleza. Côte du Py hukaa chini, nyeusi zaidi, inashika mashavu, inachelewa kujieleza. Ukishazinywa hivyo sambamba hutahitaji mtu akueleze shamba moja maana yake nini. Ukikosa ya mkulima huyo, hata Beaujolais-Villages ya bei ndogo itakufaa kulinganisha, ingawa somo halitakuwa safi vile.

Tuingie jikoni. Tanini hupenda protini na mafuta ya nyama ya ng'ombe, ndiyo maana cabernet, divai nyekundu yenye ukakasi mkali, hulainika ikikutana na steki. Divai yako ina tanini chache na uchachu mwingi, kwa hiyo inatafuta kitu laini chenye mafuta na chumvi ya kiasi: kuku, bata, nguruwe, uyoga, mayai, soseji kavu. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye migahawa ya kale ya Lyon, na si kwa bahati. Mji wenu uko kati ya Beaujolais upande wa kaskazini na Bresse upande wa kaskazini mashariki, na kuku wa Bresse wana ulinzi wao wa kisheria tangu 1957. Divai na kuku wamekua mlango kwa mlango.

Mimi ningepika kuku wa krimu na uyoga. Kata kuku mzima vipande vinane, vikaushe kwa kitambaa, tia chumvi saa moja kabla. Vikaange kwa siagi na mafuta kidogo, upande wa ngozi kwanza, bila kuvigeuza-geuza, mpaka ngozi iwe na rangi ya kahawia na iachie sufuria yenyewe. Vitoe. Katika mafuta yaleyale kaanga vitunguu vidogo viwili na nusu kilo ya uyoga wa kahawia, kwa moto mkali hadi maji yake yakauke na uanze kunukia. Hapa wengi hukosea kwa haraka. Uyoga uliochemka katika maji yake hauna ladha, na ladha ya uyoga uliokaangwa ndiyo daraja la kwenda kwenye divai hii. Rudisha kuku, mimina supu ya kuku iliyochemshwa bila kiungo kikali, tia tawi la taimu, funika kwa moto mdogo dakika 30. Mwishoni weka krimu nzito, chemsha hadi mchuzi ushike mgongo wa kijiko, kamua matone machache ya limau. Matone tu. Viazi vya kuoka kwenye maziwa au wali mweupe vinatosha pembeni.

Mapishi mengi ya Kifaransa yatakuambia umimine divai kwenye huo mchuzi. Usifanye hivyo, kwa ajili ya kaka yako. Si kweli kwamba pombe yote huondoka ikichemka. Baada ya nusu saa motoni sehemu ya kutosha hubaki ndani ya chakula. Supu na limau vinafanya kazi ileile, na hakuna atakayeona pengo. Ukitaka sahani ya kuanzia, wape wakwe soseji kavu ya Lyon kwenye sahani yao na kaka umpe nyama kavu ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi kwenye sahani yake, kila sahani na kisu chake. Saladi yenye siki iacheni au iliwe mapema kabla divai haijamiminwa, maana siki huifanya divai yoyote ionekane bapa.

Kuhusu pilau, usiifute kichwani. Bizari, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga ni marafiki wa gamay, na pilau ya kuku iliyokaangiwa vitunguu hadi vikawa vyeusi-vyekundu inakaa vizuri sana na Morgon, pengine kuliko vyakula vingi vya Kifaransa. Tatizo liko pembeni mwa sahani. Pilipili kali huwasha pombe, na kwa asilimia 14 utahisi moto mara mbili. Kachumbari yenye ndimu nyingi inaua tunda. Kwa hiyo pilau iwe na viungo bila pilipili, kachumbari iwe ya nyanya na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, na pilipili ikae kwenye bakuli lake kwa anayeitaka. Hata hivyo kwa Jumapili hii ningeshika kuku wa krimu, kwa sababu unataka kuisikia divai yenyewe, na viungo vya pilau huzungumza kwa sauti. Pilau iwekee chupa ya pili, siku nyingine. Kuku wa kupaka sikushauri kabisa: utamu wa nazi unaifanya divai ionekane chachu.

Jibini ije baada ya kuku, kabla ya kitindamlo, kama wakwe walivyozoea. Chukua Saint-Marcellin iliyoanza kulegea katikati, au Comté ambayo haijakomaa sana. Acha Roquefort dukani. Chumvi na ukali wake vinaifanya gamay iwe chungu. Kitindamlo kitamu kikifika, glasi za divai ziwe zimekwisha.

Kaka yako asikalie maji pekee wakati wengine wana kitu cha kuzungumzia. Mchemshie rozela bila sukari nyingi, ipoe, umpe kwenye glasi ileile ya mguu. Ina uchachu na ukakasi wake, na kwa mchuzi wa krimu inafanya kazi ileile ya kukata mafuta.

Chupa ina sentilita 75, yaani glasi sita za kiasi cha mezani. Kwa wanywaji wanne mimina robo ya glasi kwanza, si zaidi, ili muionje tupu kisha muionje tena baada ya tonge la kwanza la kuku. Mwambie baba mkwe afanye hivyo pia na umuulize amehisi nini kimebadilika. Wazee wa pande hizo hupenda sana swali hilo. Ikibaki, irudishie kizibo uiweke kwenye friji. Divai hii mara nyingi huwa imefunguka zaidi kesho yake, kwa hiyo Jumatatu jioni itoe robo saa kabla ya kula, uinywe na kuku baridi aliyebaki na mkate.